Mafuta ya bunduki: chupa ipi kwa ukungu wa Kampala, ipi kwa vumbi la Karamoja

Bunduki inapokabidhiwa getini saa kumi na mbili asubuhi, zamu ya usiku ikitoka na ya mchana ikiingia, kuna sehemu tatu za kutazama kabla ya kusaini daftari: pale kiganja kinaposhika, pete ya kufungia mkanda, na mdomo wa mtutu. Kutu huanzia hapo. Mwanzoni haiwi nyekundu. Huja kama vumbi la kahawia, ukilifuta kwa kidole linabaki kwenye ngozi kama unga wa majani ya chai. Ukipitisha ukucha ukakwama, ujue kutu imeshachimba, na hakuna mafuta yatakayoujaza huo mchimbo.

Wengi wenye silaha wanalijua hilo. Wanapokwama ni dukani. Kuna chupa ya kigeni iliyoandikwa inafanya kazi zote, kuna kopo la WD-40 kwenye kituo cha mafuta, kuna oili ya injini kwa muuza vipuri, na kuna mzee anayeapa kwamba mafuta ya taa yalitosha tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli. Tuvipime vyote kwa kipimo kimoja.

Vipimo vyenyewe

Jina "mafuta ya bunduki" limebeba kazi tatu ndani yake, na kazi hizo zinavutana. Kusafisha kunataka kimiminika chepesi, kinachopenya na kuyeyusha uchafu; lakini kilicho chepesi hukauka upesi. Kulainisha kunataka utando unaobaki kati ya vyuma viwili vinavyosuguana hata vikipata moto. Kuzuia kutu kunataka utando mzito usiopitisha unyevu; lakini kilicho kizito hushika vumbi. Kwa hiyo kila chupa huegemea upande fulani, na swali la kuiuliza ni inaegemea wapi.

Tutauliza mambo matano kwa kila moja. Inaondoa uchafu gani? Hapa tunahesabu masizi ya baruti, shaba inayoachwa na ngozi ya kichwa cha risasi, plastiki ya vikombe vya shotigani, na risasi yenyewe, yaani yale madini laini mazito (Kiswahili kimeyapa madini na kitu kinachotengenezwa nayo jina moja, basi tuvumiliane). Inazuia kutu kwa muda gani katika hewa yetu? Inalainisha vipi kwenye joto na vumbi? Inadhuru nini: mbao, ngozi, plastiki, nikeli, fataki za risasi (yaani kile kidonge kinachogongwa na pini ili kuwasha baruti)? Na inapatikana wapi?

Kabla ya chupa yoyote, kanuni ni moja. Toa magazini, vuta bolti nyuma, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa jicho kisha ipapase kwa kidole. Risasi zote zitoke kwenye meza hiyo, ikiwezekana zitoke kwenye chumba hicho. Fungua silaha kadiri kitabu chake kinavyomruhusu mtumiaji, si zaidi. Na kwa kuwa Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 hairuhusu silaha kukaa kwa mtu asiye na kibali, usimwachie fundi wa mtaani "akupigie brashi tu".

Chumvi, ambayo mafuta hayaiwezi

Jambo hili tulitangulize, kwa sababu ndilo linalowafanya watu walaumu chupa bure. Ziwa letu ni la maji baridi. Upepo wa Entebbe na Kalangala una unyevu mwingi, lakini hauna chumvi kama ule wa Mombasa. Chumvi inayokula bunduki za Uganda hutoka sehemu mbili: jasho la mikono, na fataki za risasi za zamani.

Risasi nyingi za zamani zilizotengenezwa nchi za Ulaya Mashariki, zikiwemo za kipenyo cha milimita 7.62, zina fataki zenye potasiamu kloreti. Ikilipuka, hubaki potasiamu kloridi, chumvi iliyo ndugu wa ile ya mezani. Chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani. Hewa ya Kampala asubuhi imejaa maji, kwa hiyo bunduki iliyotumika jioni inaweza kuamka na kutu. Mafuta hayayeyushi chumvi, huifunika tu, nayo huendelea na kazi yake chini ya utando. Kinachoiyeyusha ni maji.

Fanya siku hiyo hiyo. Chemsha nusu lita ya maji, tia matone machache ya sabuni ya vyombo. Tumia faneli yenye bomba dogo upitishe maji kwenye mtutu kuanzia chemba, mdomo ukiwa umeelekea chini kwenye ndoo. Kwa bunduki za aina ya AK, sugua pia kwa maji hayo uso wa bolti, pistoni ya gesi, ndani ya bomba la gesi, na nyuzi za kifaa kilichofungwa mdomoni. Watu hutegemea kwamba mtutu umepakwa kromu, wakasahau kwamba baadhi ya sehemu hizi nyingine hazijapakwa. Suuza kwa maji matupu ya moto, futa, acha joto la chuma likaushe kilichobaki, ndipo ufungue chupa ya mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa kimoja tena. Kikitoka na rangi ya chai, rudia.

Wapo wanaotumia maji ya kusafishia vioo yenye amonia. Yanafanya kazi, ila kazi inafanywa na maji yaliyomo, si amonia. Warusi walilijua hili zamani: kichupa cha mafuta cha bunduki yao ya Mosin-Nagant kina vyumba viwili, kimoja cha dawa ya alkali ya kuondoa mabaki ya fataki, kingine cha mafuta. Kama hujui risasi zako zina fataki ya aina gani, zichukulie zina chumvi. Maji ya moto hayana gharama.

Chupa moja ya kazi zote (CLP)

Herufi hizo ni za Kiingereza na maana yake ni safisha, lainisha, linda. Inayojulikana zaidi ni Break-Free CLP, na kiwango cha jeshi la Marekani cha mafuta haya ni MIL-PRF-63460. Namba hiyo itafute kwenye lebo. Chupa iliyoandikwa "CLP" bila namba yoyote inaweza kuwa nzuri, lakini huna cha kuishikia.

Kusafisha: masizi ya baruti yanatoka vizuri ukiipa dakika 10 hadi 15 ifanye kazi. Kwa shaba ni dhaifu. Bunduki ya ulinzi isiyopigwa mara kwa mara haina shaba ya kutisha, kwa hiyo udhaifu huu hauwahusu wengi.

Kutu: ni nzuri, lakini si ya miezi. Kwenye bunduki inayoshikwa kila siku, utando wake hufutwa na mikono na mkanda kabla haujachakaa wenyewe. Pale kiganja kinaposhika, hesabu siku chache tu kisha pangusa upya.

Kulainisha: vizuri, na hubaki kwenye joto. Baadhi ya michanganyiko ina chembe zinazotuama chini ya chupa. Tikisa kabla ya kumimina, la sivyo wa kwanza atapata maji maji na wa mwisho atapata tope.

Madhara: machache. Haina shida na plastiki za bastola za kisasa. Kwenye mbao isikae ikiloweka.

Upatikanaji: hapa ndipo inapoponza. Huipati kila duka. Ni kwa wauzaji wa silaha wenye leseni au kwa kuagiza. Ukiagiza kwa msafiri, kumbuka kopo la presha lenye kimiminika kinachowaka haliruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege.

Inamfaa anayetaka hatua chache: mwenye bastola moja yenye leseni, au afande anayesimamia walinzi kumi na anajua kwamba utaratibu wa chupa tatu hautafuatwa hata wiki moja. Utaratibu mfupi unaofuatwa hulinda silaha nyingi kuliko mrefu ulioandikwa ukutani.

Chupa mbili: dawa ya kusafishia, kisha mafuta

Hii ndiyo njia ya walenga shabaha. Dawa moja inayeyusha uchafu, mafuta mengine yanabaki kwenye chuma. Hoppe's No. 9 imekuwa sokoni tangu 1903 na harufu yake huwezi kuikosea ukiwahi kuinusa mara moja. Ndani yake mna mafuta ya taa, alikoholi na amonia kidogo, pamoja na vingine.

Kusafisha: hapa hakuna anayeifikia. Lowesha kitambaa, pitisha mara moja, subiri dakika 10 hadi 15, piga brashi ya shaba mara kumi kwenda na kurudi, kisha pitisha vitambaa vikavu mpaka kitoke safi. Vitambaa vinaongea. Cheusi ni masizi. Cha kahawia inayoelekea machungwa ni kutu. Cha kijani au buluu ni shaba. Ila brashi ya shaba nayo inayeyuka kidogo na kukupa buluu ya uongo. Ukishuku, rudia kwa brashi ya nailoni. Kikitoka bila buluu, ulikuwa unasafisha brashi yako.

Kuna dawa kali zaidi za shaba, zenye amonia nyingi. Hizo zisipitishe dakika 15 ndani ya mtutu, na usizitumie bila sababu.

Kutu: dawa yenyewe haizuii chochote cha maana. Ukimaliza kusafisha ukaiweka silaha hivyo, umeiacha uchi: umeondoa hata mafuta ya zamani yaliyokuwa yakiilinda. Hili ndilo kosa kubwa la njia hii. Mtu anasafisha vizuri kuliko wote, anachoka, chupa ya pili anaiacha "kesho". Kwenye hewa ya Kampala, kesho ni mbali.

Kulainisha: inategemea chupa ya pili uliyochagua.

Madhara: amonia hula nikeli iliyopakwa juu ya shaba, na dawa hizi hulainisha vanishi ya mbao. Mvuke wake si wa chumba kilichofungwa. Fungua madirisha, vaa glavu, na usifanye karibu na sigiri.

Inamfaa anayepiga risasi nyingi na anayejali usahihi. Inaufaa pia ukaguzi mkubwa wa miezi mitatu mitatu kwenye ghala la silaha. Kwa mlinzi wa getini ambaye bunduki yake haijalia mwaka mzima, ni kutumia shoka kuua nzi.

Ballistol

Ilibuniwa Ujerumani mwaka 1904 kwa ajili ya jeshi, na ilitakiwa ifae chuma, mbao na ngozi za askari kwa pamoja. Hadi leo hiyo ndiyo sifa yake.

Kusafisha: masizi inayatoa vizuri, shaba kidogo. Jambo la pekee ni kwamba inachanganyika na maji na kuwa kama maziwa. Sehemu moja ya Ballistol kwa sehemu kumi za maji inakupa kimiminika cha kuoshea silaha iliyopiga risasi za chumvi: maji yanayeyusha chumvi, kisha yanakauka na kuacha utando mwembamba wa mafuta. Usiutegemee utando huo peke yake, upanguse juu yake na Ballistol halisi.

Kutu: wastani kwenda nzuri. Ina ualkali kidogo, kwa hiyo inapunguza ukali wa jasho. Kwa silaha ya kila siku inatosha. Kwa ya kufungiwa miezi sita hapana.

Kulainisha: nyepesi. Bastola na shotigani zinairidhia. Bunduki inayopata moto sana itataka kitu kizito zaidi kwenye reli, zile njia ambamo bolti au slaidi huteleza.

Madhara: karibu hakuna. Shotigani ya zamani yenye kitako cha mbao na mkanda wa ngozi unaipangusa yote kwa kitambaa kimoja. Harufu tu ndiyo wengine hawaiwezi.

Inamfaa mwenye shotigani ya mbao shambani, na anayelazimika kutumia risasi za zamani.

WD-40

Hakuna kopo linalosifiwa na kutukanwa kama hili. Jina lenyewe linasema kazi yake: ni fomula ya 40 ya kuondoa maji, iliyotengenezwa San Diego mwaka 1953. Kuondoa maji inakuweza sana. Bunduki iliyonyeshewa usiku kucha, au iliyoanguka kwenye mtumbwi kati ya Bukakata na visiwa vya Ssese, ifungue, ipulizie, itikise, na maji yaliyojificha kwenye tundu za springi na pini yatasukumwa nje.

Kusafisha: masizi mepesi tu.

Kutu: siku, si wiki. Sehemu kubwa ya kopo ni kiyeyusho kinachoruka hewani, na kinachobaki ni utando mwembamba mno. Anayepulizia kila siku na kufuta ataona inamtosha. Anayepulizia mara moja na kuiweka kabatini ndiye anayerudi kuitukana.

Kulainisha: kwa saa kadhaa. Mabaki yakirundikana bila kusafishwa, hasa kwenye visehemu vya triga, huwa kama gundi nyepesi inayokusanya vumbi.

Madhara: inapenya kila mahali, na hapo ndipo hatari ilipo. Isiguse risasi. Mafuta yanayopenya yakiingia kwenye fataki yanaweza kuiua, na risasi iliyokufa utaijua siku unayoihitaji. Usipulizie bunduki yenye magazini ndani yake.

Upatikanaji: ndiyo nguvu yake kubwa. Supamaketi, kituo cha mafuta, duka la vifaa vya ujenzi, hata mji mdogo.

Inamfaa kila mtu, kama huduma ya kwanza. Kama chupa pekee, inamfaa yule tu mwenye nidhamu ya kila siku.

Vya fundi: mafuta ya taa, oili ya injini, ya giaboksi, ya cherehani

Hapa ndipo Waganda wengi walipo, na si kwa ujinga. Ndivyo vinavyopatikana Kisekka, Ndeeba, Gulu na Moroto.

Mafuta ya taa ni kisafishaji kizuri cha masizi na tope la grisi. Si mlinzi. Utando wake ni mwembamba na dumu lililokaa wazi huwa na maji chini. Mimina ya juu, acha ya chini, na ukimaliza kusafisha weka mafuta mengine.

Oili mpya ya injini ina dawa zilizotiwa kiwandani za kuzuia kutu na asidi, kwa hiyo inalinda vizuri kuliko sifa yake. Tatizo ni uzito. Ile ya 20W-50 inayouzwa kwa magari ya zamani ni nzito kwa bastola. Bolti itavivia asubuhi ya baridi Kabale, na vumbi litaganda kama ugali. Tafuta nyepesi ya sinthetiki, 5W-30 kwa mfano. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini usiiguse kabisa: ina asidi, maji na chembe za chuma, na ni hatari kwa ngozi yako.

Oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki ndiyo siri ya mafundi. Ni nyepesi, inavumilia joto, ina kizuia kutu, na robo lita inatosha bunduki kadhaa kwa muda mrefu. Ukipimiwa kutoka dumu lililofunguliwa, hakikisha ni mpya: nyekundu angavu, haina harufu ya kuungua.

Ipo hata dawa ya kutengeneza mwenyewe inayojulikana kwa wapenda silaha wa Marekani kama Ed's Red: oili ya giaboksi, mafuta ya taa, tepentaini ya madini na asetoni, vyote kwa kipimo sawa. Mililita 250 za kila kimoja zinakupa lita moja ya kisafishaji cha masizi ambacho pia huacha utando wa mafuta. Changanya nje ya nyumba, mbali na moto, kwenye chombo cha chuma, andika jina juu, weka mbali na watoto. Asetoni inakula vanishi na baadhi ya plastiki. Ukiiondoa, mchanganyiko unapungua nguvu lakini unakuwa mpole. Shaba hauitoi.

Mafuta ya cherehani ni laini, safi na hayagandi. Yanalainisha bastola vizuri. Kizuia kutu ndani yake ni kidogo au hakuna, kwa hiyo ni ya nyumba kavu.

Vifaa hivi vinamfaa anayesimamia silaha nyingi kwa bajeti ndogo, mradi mtu mmoja anayejua ndiye anayenunua. Kila askari akija na dumu lake, utapata oili chafu ndani ya ghala kabla mwezi haujaisha.

Mafuta ya kupikia hayaingii kwenye ulinganisho huu. Yawe ya alizeti, ya simsim au ya mawese, yote hukauka na kuganda, au huchacha. Petroli nayo haina nafasi: inaondoa mafuta yote na inaweza kukuondoa wewe.

Grisi na jeli

Grisi ya lithiamu ya magari, au hata Vaseline isiyo na manukato, ndiyo inayozuia kutu kwa muda mrefu kuliko vyote vilivyotajwa. Bunduki mpya kutoka viwandani huja zimepakwa grisi nzito ya kuhifadhi, na sababu ni hiyo. Kwa silaha inayotumika kila siku, mahali pake ni kwenye reli tu, kiasi cha punje ya mchele. Kwenye vumbi, usiiweke kabisa.

Kiasi, na panapotakiwa kubaki pakavu

Madhara mengi ya mafuta hutokana na wingi. Bastola ya kawaida inatosheka na matone manne hadi sita kwa jumla: tone moja kila reli, moja juu ya mtutu unapogusana na slaidi, moja kwenye kiungo cha triga. Bunduki ndefu inataka tone kwenye kila reli, mawili kwenye vishikio vya bolti, moja kwenye ekseli ya nyundo. Nje, kitambaa chenye mafuta kipite mara moja, kisha kikavu kipite juu yake. Chuma kiwe kinang'aa, kisiwe kinachuruzika.

Pakavu pabaki pakavu. Tundu la pini inayogonga fataki likijaa mafuta, masizi yanaganda ndani na pini inagonga kwa unyonge. Bomba la gesi la AK likipakwa mafuta, yanaungua na kuwa masizi magumu. Magazini ifutwe tu, maana mafuta yake yanaishia kwenye risasi. Na mtutu uliopakwa mafuta upitishiwe kitambaa kikavu kabla ya kupiga. Ukiiegemeza silaha yenye kitako cha mbao, mdomo uelekee chini siku ya kwanza, la sivyo mafuta yatashuka na kulainisha mbao mahali kitako kinapobeba mshtuko.

Kama bado huamini, jaribu kwa misumari. Nunua misumari ya inchi nne isiyopakwa zinki, kwangua kwa msasa, osha kwa spiriti, usiguse tena kwa mikono mitupu. Paka kila mmoja mafuta yako tofauti, acha mmoja mtupu, ninginiza barazani kwa wiki mbili za msimu wa mvua, Aprili au Oktoba. Utapata jibu la nyumba yako, si la tangazo.

Kwa hali yako

Mlinzi wa getini Kampala, bunduki ya zamu: CLP kama kampuni inainunua, oili ya giaboksi kama hainunui. Weka kitambaa kimoja chenye mafuta ndani ya kopo lenye kifuniko kwenye kibanda, na kila anayekabidhi apanguse zile sehemu tatu za mwanzo wa makala haya. Ni kazi ya dakika moja.

Entebbe, Kalangala, doria za majini: WD-40 ya kusukuma maji ikifuatwa na mafuta yanayobaki, siku hiyo hiyo. Ya kwanza bila ya pili ni kazi nusu.

Karamoja na Kidepo wakati wa kiangazi: adui ni vumbi kuliko unyevu. Mafuta mepesi, machache, yaliyofutwa karibu yaishe, na mswaki mkavu kila jioni. Grisi iache nyumbani. Mvua zikianza, rudi kwenye utando wa kawaida.

Kabale na miteremko ya Rwenzori: silaha iliyotoka kwenye baridi ikiingia chumba chenye moto hutoka jasho kama chupa ya soda. Iache ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka ipate joto la chumba, ndipo uifungue na kuipangusa. Mafuta mazito hayafai.

Mlenga shabaha: chupa mbili, na ya pili isisubiri kesho.

Shotigani ya mbao shambani: Ballistol. Ukiikosa, oili nyepesi kwenye chuma na kitambaa kikavu kwenye mbao.

Risasi za zamani, popote ulipo: maji ya moto kwanza, kisha chupa yoyote kati ya hizi.

Kutu imeshaanza: mafuta mepesi juu yake, saa chache, kisha sufi ya chuma ya namba 0000 iliyolowa mafuta, kwa mkono mwepesi. Msasa hapana, maana unaondoa rangi nyeusi ya chuma, ambayo ndiyo inayoshika mafuta. Kutu ikiwa ndani ya chemba au mtutuni na imeacha vishimo, silaha hiyo iende kwa fundi mwenye leseni kabla ya kupigwa.

Silaha ya kufungiwa miezi: safisha kabisa, paka grisi nyembamba nje na ndani ya mtutu, na usiihifadhi kwenye ala ya ngozi wala boksi la sponji, maana vyote hunywa unyevu na kuubakiza kwenye chuma. Weka pakiti za silika kabatini na uzikaushe au uzibadilishe zikishajaa maji. Kisha funga karatasi kwenye triga, kwa maandishi makubwa: MTUTU UNA GRISI. Atakayeitoa anaweza kuwa mwingine, usiku, ana haraka, na mtutu wenye grisi ukipigwa risasi unaweza kupasuka mikononi mwake.